Kulitengeneza Kasha la Bibi bila Kuifuta Historia Yake

Katika nyumba nyingi za mji wa kale wa Lamu lingalipo kasha la mbao lenye misumari ya shaba, la aina iliyokuwa ikiletwa kwa majahazi kutoka Bombay na Surat, ambalo liliingia nyumbani pamoja na bibi arusi fulani na sasa, aghalabu, hubebeshwa televisheni.

Kabla ya kumwita fundi, mkalishe bibi au shangazi mbele ya kasha lililofunguliwa, uwashe kinasa sauti cha simu, na umuulize mambo mahususi: lilikuja na arusi ya nani, funguo alizishika nani, na kile kisanduku kidogo cha ndani kilitiwa nini. Ukimwomba akueleze habari za zamani atakupa maneno mawili matatu, lakini doa ukilionyesha kwa kidole huleta kisa. Weusi ule wa kifunikoni huenda uliachwa na chetezo usiku wa arusi, na fundi asiyeambiwa ataupiga msasa mara moja. Piga picha pande zote, hata chini, kisha wanafamilia wakubaliane ni alama zipi zitakazobaki.

Vumbi liondolewe kwa brashi laini. Ukiona vitundu, usidhani lazima fukusi wangali hai. Tandika karatasi nyeusi chini ya kasha kwa majuma mawili, na unga mpya ukidondoka, litenge na vyombo vingine vya mbao mpaka litiwe dawa.

Shaba ndiyo inayoharibiwa zaidi. Ndimu na chumvi huing'arisha kwa dakika chache, nami sizipendi hata kidogo, kwa sababu asidi huila shaba yenyewe, na chumvi hubaki kwenye maungio ikivuta unyevu, kana kwamba hewa ya bahari haitoshi. Dawa za kopo nazo huacha ukungu mweupe kuzunguka vichwa vya misumari. Futa kila kichwa kwa pamba iliyoloweshwa kidogo kwa maji ya sabuni isiyo kali, ukaushe papo hapo, na uiache ile rangi ya kahawia ya shaba kuukuu. Msumari uliolegea usigongwe, kwani mbao kavu hupasuka. Uchomoe, uzibe tundu kwa kijiti chembamba kilichopakwa gundi ya ngozi, ambayo huregea kwa maji ya moto mtu akitaka kuifungua baadaye, kisha urudishe msumari uleule.

Mbao zipakwe nta ya nyuki, nyembamba sana, na kusuguliwa kwa kitambaa kikavu. Vanishi hupendeza Idi ya kwanza. Baadaye hubanduka, na kuiondoa huondoa pia uso wa mbao.

Kuta zetu za mawe na chokaa hufyonza maji, kwa hiyo kasha likae mbali na ukuta kadiri ya shubiri, juu ya vitako, na lifunguliwe kivulini siku kavu za kaskazi. Jua kali hulipasua.

Iwapo jamaa wa ughaibuni analitaka, fahamuni kwamba chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na turathi, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 hakitolewi nje bila kibali cha serikali.