Kabla Kusi Haijakaza: Ukiwa Nairobi na Boti Yako Iko Pwani

Mwishoni mwa Machi upepo wa kaskazi hulegea, na kabla Aprili haijaisha upepo wa kusi huwa umeshika pwani yote, kuanzia Vanga hadi Kiunga. Juni na Julai ndiyo miezi yake mikali. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa ilani za upepo mkali na mawimbi makubwa, boti nyingi za uvuvi wa kitalii Watamu na Malindi hupandishwa nchi kavu, na hoteli kadhaa za ufuoni Lamu hufunga milango. Mtu wa Kilifi akiipandisha boti yake bado anaipitia asubuhi akienda zake. Sisi wa Nairobi tuko karibu kilomita 500 kutoka baharini. Tunaifunga Aprili, tunaiona tena Agosti au Septemba. Hapo katikati kuna masika, chumvi, jua, panya na mchwa, na mwenyewe hayupo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maandalizi yafanywe na mwenye boti kwa mkono wake, fundi akiwa pembeni, kisha boti iachwe kwa mtu, si kwa kufuli.

Kwanza, tahadhari kuhusu ushauri wa mtandaoni. Mwingi umetoka Kanada, Uingereza na kaskazini mwa Marekani, ambako adui wa boti wakati wa baridi ni barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na yakigandia ndani ya injini huipasua. Kwa hiyo wenzetu huko hujaza mitambo dawa ya kuzuia kuganda na kuifunika boti gubigubi. Huku kwetu maji hayagandi, dawa hiyo ni kupoteza pesa bure, na kuifunika boti gubigubi ni kuialika ukungu. Adui zetu ni unyevu, chumvi na jua, na kila utakachofanya kipime kwa hao watatu.

Chagua siku ya kuipandisha kwa kalenda ya mwezi, si kwa siku uliyopewa likizo. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na Kilindini maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Hapo boti hufika juu kabisa ya ufuo bila watu kuumia migongo. Ukija wakati wa maji mafu, yanapopanda kidogo tu, utaikokota mchangani nusu siku. Mamlaka ya Bandari huchapisha majedwali ya maji ya mwaka mzima, basi kata tiketi ya treni ukiwa umeshayaangalia.

Injini ndiyo itakayokula muda wako, na ni haki yake. Ikiwa ni mashine ya kufunga nyuma ya boti, itumbukize kwenye pipa la maji baridi yasiyo na chumvi, uiwashe na kuiacha ingurume kama dakika kumi. Usiharakishe. Mpaka ipate moto, termostati (kidude kinachofunguka kwa joto kupitisha maji) haifunguki, na isipofunguka yale maji matamu hayafiki kwenye njia zote za kupoza. Chumvi inayobaki humo hukauka ikawa chembe ngumu, nazo huziba na kula alumini kimyakimya miezi yote uliyoko Nairobi. Kwa injini ya kabureta, mwishoni chomoa mpira wa petroli ungali unaiendesha, iachie inywe yaliyomo hadi izime yenyewe. Petroli iliyolala miezi hugeuka utomvu unaonata, na vijitundu vya kabureta ni vyembamba mno kuweza kuupitisha. Injini za kisasa zinazopulizia mafuta kwa kompyuta zina utaratibu wao, fuata kitabu chake. Tangi dogo la kubebeka limwage kabisa, petroli mpe mtu aitumie wiki hiyo hiyo.

Kisha gia oili. Sehemu ya chini ya injini ina skrubu mbili. Fungua ya chini, halafu ya juu, uyaache mafuta yatiririke kwenye kopo jeupe, na uyatazame kwenye mwanga. Yakiwa meusi au ya kahawia, ni kuchoka tu, badilisha. Yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo usikubali kufunga injini hata kama basi lako linaondoka saa mbili. Vua propela uchungulie mhimili wake. Mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umejisokota nyuma yake, mwembamba, umezama hadi umekata sili, ule mpira wa kuzuia maji. Fundi wangu Mtwapa, mzee aliyezoea haraka zetu watu wa bara, aliniambia, "Kaka, maji haya ukiyaacha humu mpaka Septemba, hutanunua sili, utanunua gia." Nikamwambia, "Fungua basi, mzee wangu, nitalala." Sili ni kitu cha bei ndogo. Gia si hivyo.

Baada ya hapo nyunyizia mafuta ya kukinga kutu kwenye matundu ya plagi, zungusha injini kwa mkono kidogo, rudisha plagi, paka grisi mhimili wa propela. Ihifadhi ikiwa imesimama wima ili maji yote yajichuruzike. Impela, kile kijipanga cha mpira ndani ya pampu ya maji, ichomoe uende nayo Nairobi. Ikikaa miezi imekunjwa upande mmoja hubaki hivyo hivyo, na kuagiza nyingine huchukua muda.

Sasa kiwiliwili. Vile viumbe vyenye magamba vilivyogandama chini ya maji vikwangue siku hiyo hiyo boti ingali mbichi, maana vikikauka vinaondoka na rangi. Boti ya faiba iwekwe omo (mbele yake) likiwa juu na tezi (nyuma yake) chini, na kizibo cha tundu la kutolea maji kiondolewe ili mvua ipite. Kizibo hicho kifunge kwa kamba kwenye usukani, mahali ambapo hakuna anayeweza kuishua boti bila kukiona. Turubai lipandishwe juu ya mti wa katikati liwe na mteremko, pande mbili ziachwe wazi upepo upite. Lisilegee: bwawa la maji la mita moja mraba lenye kina cha sentimita 10 lina uzito wa kilo 100, na mvua moja ya Mei inalijaza usiku. Hata boti ambayo haijapata kugusa mwamba inaweza kupasukia hapo.

Kwa dau au mashua ya mbao mambo ni mengine kabisa. Mbao zikikauka mno husinyaa, na kalafati, pamba ya kuzibia, hufunguka kwenye maungio. Usiiache juani hata wiki moja, ipeleke chini ya banda la makuti au kivuli cha mkorosho, juu ya magogo, mbali na mchwa. Pamba iliyolegea itolewe ipigwe upya sasa, chini ipakwe shahamu (mafuta ya mnyama), juu sifa (mafuta ya samaki). Siku ya kuishua itavuja kidogo hadi mbao zivimbe. Hilo ni la kawaida, mradi mtu awepo wa kukumba maji.

Vya kuja navyo Nairobi ni tanga, redio, jaketi za kuokolea na betri, ikiwa una gari. Tanga na kamba zilowekwe kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi na kukaushwa kivulini, kwa sababu chumvi huvuta unyevu, na unyevu wa Julai wa Nairobi unatosha kuota ukungu kwenye stoo yoyote ya chini. Betri ya asidi iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ipime kila mwezi na uichaji kabla haijashuka chini ya 12.4. Fataki za ishara za dharura usizipakie kwenye treni, ziache pwani mahali pakavu.

Wenye boti Naivasha, kilomita 90 tu kutoka jijini, hawana chumvi wala kusi, lakini wana ziwa lisilotulia. Mwaka 2020 na tena 2025 maji yalipanda yakameza nyumba na kingo. Funga boti juu zaidi ya unavyodhani inatosha, mbali na njia ya viboko wanaokuja malishoni usiku, na kumbuka upepo huhamisha visiwa vizima vya gugumaji ambavyo vinaweza kuing'oa boti kwenye nanga.

Sasa mtu wa kuitazama. Mpe kazi inayoelezeka: kila baada ya mvua kubwa atazame turubai na tundu la maji, kila wiki achungulie ndani kama kuna panya, akupigie picha ya tezi, ya omo na ya ndani, akutumie kwa WhatsApp. Mlipe kwa M-Pesa tarehe ile ile kila mwezi bila kukumbushwa, na pesa za turubai jipya au dawa ya panya zisitoke mfukoni mwake. Mpigie pia siku ambazo huna shida, umjulie hali yeye na nyumba yake. Anayekuchukulia kama jamaa ndiye atakayetoka saa nane za usiku dhoruba ikivuma.

Makaratasi hayachukui muda: soma mkataba wa bima kama unataja mahali boti inapolazwa, na uangalie cheti cha usalama kinaisha lini.

Halafu ni wewe na baridi ya Juni, jua halionekani hadi adhuhuri, na hamu ya bahari inauma kweli. Zamani mtu wa jijini angekwenda kutweka tanga Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953, na leo limemezwa na gugumaji na taka. Lakini kazi ipo. Shona tanga kwa fundi wa mahema, jifunze kuunga kamba, rudia huduma ya kwanza, na wapeleke watoto kuogelea ili Septemba wasishike jaketi kwa woga. Mwezi wa Julai ukiingia, agiza vipuri na umpigie fundi wako wa Mtwapa au Kilifi akuandike siku ya bamvua ya mwisho wa Agosti, maana kusi ikilegea kila mwenye boti humtafuta wiki hiyo hiyo.