Namna ya Kukagua Uchafu wa Mafuta Kwenye Ukingo wa Kilindini

Jina Kilindini, bandari kuu ya Mombasa, linatokana na kilindi, yaani maji ya kina kirefu, na kina hicho ndicho kilichoihamisha biashara kubwa kutoka Bandari ya Kale, ambako Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na majahazi yakaingia na kaskazi yakaondoka na kusi. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, shehena zilielekea Kilindini, na meli za mafuta zikafuata baadaye. Ukiijua historia hii utajua pa kutazama.

Chagua siku ya bamvua, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, kwa kuwa maji hupwa sana na matope hubaki wazi. Vaa viatu vigumu na glavu.

Anzia Makupa. Tuta la barabara na reli lilizuia maji kupita kati ya mikono ya bahari ya Tudor na Port Reitz kwa miongo mingi, na daraja lililofunguliwa mwaka 2022 lilikusudiwa kuyarudishia njia. Kando yake, Kibarani, taka za mji zilirundikwa miaka na miaka. Mwaka 1988 tangi la mafuta mazito lilivuja, mafuta yakaingia kwenye mkono wa bahari wa Makupa na kuua mikoko mingi. Mahali hapa panastahili subira yako yote.

Tazama mchu, aina ya mkoko, kwanza. Mizizi yake ya kupumulia huchomoza matopeni kama penseli, na mafuta yakiipaka, mti hukosa hewa na hufa polepole. Kwa hiyo ikague mizizi mmoja mmoja, ukitafuta utando mweusi unaonata.

Ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya kidimbwi, usiharakishe kulaumu meli. Zivuruge rangi hizo kwa kijiti: utando wa bakteria, ambao ni wa kawaida, hukatika vipande vipande kama kioo kilichovunjika, lakini mafuta hujifunga tena nyuma ya kijiti. Kisha chimba kina cha shubiri moja unuse, kwani mafuta ya zamani hukaa chini ya matope yanayoonekana safi.

Andika tarehe, saa na mahali, piga picha yenye kitu cha kupimia ukubwa, kisha uwapelekee NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) na kikundi cha usimamizi wa fuo siku hiyo hiyo, kabla maji kujaa hayajafuta ulichokiona.