Chipu moja, rezista moja, kapasita moja: tengeneza kinanda kinacholia kwa mwanga

Wengi wakitaka kuanza kutengeneza vyombo vya mziki vya elektroniki wanakimbilia michoro mikubwa yenye vipande hamsini, alafu chombo kikigoma kulia hawajui waanze kutafuta kosa wapi, wanaacha. Mi nakushauri anza na chipu moja tu, CD40106. Ina miguu 14 na ndani yake kuna vigeuzi sita (umeme ukiingia juu kinatoa chini, ukiingia chini kinatoa juu), kila kimoja ukikipa rezista moja (kipande kinachobana umeme) na kapasita moja (kipande kinachohifadhi umeme kidogo) kinatoa sauti yake. Ukinunua angalia namba vizuri sana, maana kuna 74HC14 ambayo miguu yake imepangwa vilevile lakini haiwezi volti 9, ukiiwekea betri tunayotumia hapa inakufa.

Tafuta bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomeka vipande bila kuchomelea), betri ya volti 9, rezista mbili za kilo-omu 100 (kahawia, nyeusi, njano), mbili za kilo-omu 10 (kahawia, nyeusi, chungwa), kapasita ya mikrofaradi 0.1 ambayo mwilini imeandikwa 104, kihisi mwanga kile cha duara chenye mistari ya kujikunja, na spika ndogo ya betri yenye tundu la waya. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa kwenye kazi hii.

Chomeka chipu ule mkato wake ukiwa kushoto kwako. Mguu wa 1 ni wa chini kushoto, unahesabu kwenda kulia mpaka 7, alafu unapanda juu na kurudi kushoto mpaka 14. Mguu wa 14 uende chanya ya betri, wa 7 uende hasi. Sasa miguu ya 3, 5, 9, 11 na 13 yote ipeleke hasi. Hapa ndo watu wanaruka, na ndo chanzo cha sauti chafu zisizoeleweka, kwasababu hiyo ni milango ya kuingilia na ukiiacha inaelea inaokota kila kelele iliyo karibu.

Rezista ya kilo-omu 100 iunganishe mguu wa 1 na wa 2. Kapasita itoke mguu wa 1 kwenda hasi. Basi, sauti ishapatikana kwenye mguu wa 2, ila usiipeleke moja kwa moja kwenye spika yenye amplifaya maana ni karibu volti 9 nzima, ni nyingi mno. Toa rezista ya pili ya kilo-omu 100 kutoka mguu wa 2, mwisho wake uungane na kilo-omu 10 inayokwenda hasi, na pale zinapokutana ndo unachukua waya wa spika, hapo inabaki kama volti 0.8. Waya mwingine wa spika uende hasi. Anza na volyum chini, na usivae hedifoni kwanza.

Kinachotokea ni kwamba kapasita inajaa kupitia rezista, ikifika juu kigeuzi kinageuka na kuanza kuimwaga, ikishuka chini kinageuka tena, na huko kujaa na kumwagika ndo mlio unaousikia. Kwa vipimo hivi unapata mlio mzito wa hezi 100 hivi (mitetemo 100 kwa sekunde), ukibadilisha ile rezista ya kati ya mguu wa 1 na 2 ukaweka kilo-omu 10 unapanda mpaka karibu hezi 1000.

Sasa utamu. Toa hiyo rezista, weka kihisi mwanga kikifuatana na kilo-omu 10 (hii inazuia mlio usipande sana kwenye mwanga mkali). Pitisha mkono juu yake: kivuli kinashusha sauti, mwanga unaipandisha. Jaribu tochi, jaribu karatasi uliyotoboa matundu ukiivuta taratibu, jaribu mshumaa uone sauti inavyotetemeka na moto. Chukua muda hapa, cheza kweli, maana mkono unajifunza kutafuta noti zake kama kwenye chombo kingine chochote. Pia unaweza kuweka nyaya mbili zilizochunwa badala ya kihisi ukazishika kwa kidole, ngozi yenyewe inakuwa rezista, ukikandamiza zaidi sauti inapanda. Hii ya kidole fanya tu kila kitu kikiwa kwenye betri, spika pia isiwe kwenye chaja.

Kikikataa kulia angalia kwanza kama chipu imegeuzwa, ukishika ni ya moto chomoa betri haraka.

Ukitaka mdundo ongeza kigeuzi cha pili. Chomoa ule waya wa mguu wa 3 uliokwenda hasi, weka kilo-omu 100 kati ya 3 na 4, na kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka 3 kwenda hasi, upande wake wa hasi ndo uelekee hasi. Huyu anageuka karibu mara moja kwa sekunde. Alafu weka dayodi 1N4148 (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kutoka mguu wa 4 kwenda mguu wa 1, ule mstari mweusi uwe upande wa 1. Mguu wa 4 ukiwa juu unakiziba mdomo kigeuzi cha kwanza, ukiwa chini unakiachia, kwahiyo unapata tuu, kimya, tuu, kimya. Na hapo kati ya 3 na 4 ukiweka kihisi cha pili, mkono mmoja unashika sauti na mwingine unashika kasi.