Kupima mtaala wa uhandisi wa programu kwa SWEBOK na SEEK, hatua kwa hatua

Mwenzangu anayeandaa mtaala mpya wa shahada ya uhandisi wa programu aliniletea jedwali: kozi upande mmoja, maeneo ya maarifa upande wa pili, na karibu kila kisanduku kina alama ya vema. Tulilifumua lote. Njia tuliyoifuata ni hii.

Hatua ya 1: Shika kipimo sahihi

Wengi hukimbilia SWEBOK, mwongozo wa maarifa ambayo mhandisi wa programu anapaswa kuwa nayo. Toleo lake la 4, la mwaka 2024, lina maeneo 18 ya maarifa, na limeyapa usalama, uendeshaji na usanifu wa jumla wa mfumo nafasi zao zenyewe. Ni waraka mzuri, lakini unamlenga mhandisi mwenye shahada na uzoefu wa kazi wa miaka minne. Ukimtaka mwanafunzi wa mwaka wa tatu ayabebe yote kwa kina hicho, utapata mtaala usiofundishika.

Kwa shahada ya kwanza tumia SEEK, orodha ya mada za kufundisha uhandisi wa programu, iliyo ndani ya mwongozo wa mitaala wa ACM na IEEE Computer Society, vyama vya wataalamu wa kompyuta, wa mwaka 2014. Ina maeneo 10, na kila mada imewekewa kiwango: kujua, kuelewa au kutumia. Kwa kuwa ni ya 2014, ukimaliza pitia SWEBOK mpya uone kilichoongezeka tangu hapo. Mpangilio uwe huo, usiugeuze.

Hatua ya 2: Andika mhitimu ataweza kufanya nini

Matokeo sita hadi manane yanatosha. Tumia vitenzi vinavyoonekana kwa macho: abuni, apime, akadirie gharama. "Afahamu" futa.

Hatua ya 3: Linganisha saa

SEEK inataka saa 467 kwa jumla. Misingi ya kompyuta ina 152, usanifu 48, mahitaji 30, usalama 20, ubora 10. Hizo ni saa za darasani tu. Krediti zetu Tanzania huhesabu kazi yote ya mwanafunzi, krediti moja kwa saa 10, hivyo kozi ya krediti 12 ni saa 120 pamoja na kusoma nyumbani na mazoezi. Usilinganishe 120 na 30 ukadhani mahitaji yamepata nafasi mara nne. Kozi yenye mihadhara ya saa mbili kwa wiki, kwa wiki 15, ndiyo inayotoa saa 30.

Hatua ya 4: Jedwali la ushahidi

Hapa ndipo kazi ilipo. Tenga muda wa kutosha.

Fungua lahajedwali ya kawaida. Jedwali la Word liache kabisa, maana huwezi kulichuja wala kulipanga upya. Mstari mmoja uwe mada moja ya SEEK, si eneo zima. Safu ziwe nne: mada, kiwango, kozi mmiliki (inayoifundisha na kuitahini mada hiyo), ushahidi. Alama za vema hazina nafasi.

Ushahidi ni swali au zoezi lenyewe linaloonyesha kwamba mwanafunzi amefika kiwango kile. Chukua majaribio ya yuniti, yaani ya kupima kipande kimoja kimoja cha programu, ambayo kiwango chake ni kutumia. Ukikuta mtihani umeuliza "Taja aina tano za majaribio ya programu", hapo umepata kujua, basi. Zoezi linalompa mwanafunzi msimbo wa kukokotoa ada wenye kasoro zilizofichwa, kisha likamtaka aandike majaribio ya kuzinasa, hilo linakubalika. Tafuta mitihani na mazoezi ya miaka iliyopita. Muhtasari wa kozi hueleza nia tu, lakini karatasi ya mtihani hueleza kilichofanyika.

Kila mada iwe na kozi mmiliki mmoja. Udhibiti wa matoleo, yaani kutunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, ulikuwa na alama kwenye kozi tano katika lile jedwali la kwanza, na hakuna hata moja iliyoutahini, kwa sababu kila mhadhiri aliamini umefundishwa kwa jirani. Kozi nyingine ziandikie "inarudiwa".

Kisha angalia mambo haya kabla hujaridhika. Mada ya lazima isikae kwenye kozi ya hiari, maana atakayeiruka kozi hiyo atahitimu bila mada hiyo. Kazi ya kikundi peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa mmoja anaweza kuandika msimbo wote. Ongeza utetezi wa mdomo wa mtu mmoja mmoja. Mafunzo kwa vitendo usiyategemee kwa mada yoyote ya lazima, kwani mwanafunzi mmoja hupelekwa penye timu ya kuandika programu na mwingine akaishia kufunga printa. Na mstari usio na ushahidi uache wazi kwenye safu ya ushahidi. Mtu atakuomba ujaze chochote ili wakaguzi wasiulize. Kataa. Mistari hiyo ndiyo orodha ya kazi za idara, na mwanafunzi ndiye atakayelipia kila uliouficha.

Hatua ya 5: Panga mtiririko

Chora mishale ya kozi tangulizi. Hisabati bainifu (discrete mathematics) iwe mwaka wa kwanza.

Hatua ya 6: Mradi wa mwisho

Uwe wa mwaka mzima, wa kikundi, na wenye mteja halisi. Mwongozo wa 2014 nao unapendekeza mwaka mzima. Mradi wa muhula mmoja humalizika kabla mteja hajabadili mawazo, na mabadiliko hayo ndiyo somo lenyewe.

Hatua ya 7: Tunza matoleo

Mihtasari ya kozi iwe maandishi ya kawaida ndani ya Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, lahajedwali nayo ihifadhiwe humo kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Mhadhiri akibadili zoezi, abadili na mstari wake siku hiyo hiyo, na mwenzake mmoja akague kabla mabadiliko hayajaunganishwa.