Kupolimisha Laktaidi kwa Oktoeti ya Bati Katika Maabara ya Arusha au Moshi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili au mtafiti anayeanza, mwenye benchi lake Tengeru, katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, au katika maabara nyingine yoyote ya Arusha na Moshi, ambaye anataka kutengeneza polima kwa msaada wa kampaundi ya metali na kupata minyororo yenye urefu alioukusudia, si urefu ambao bahati imempangia. Mmenyuko tutakaoufuata ni ule wa kufungua pete ya L-laktaidi ili kupata polilaktaidi. Laktaidi hutokana na asidi laktiki, na asidi laktiki hutokana na sukari iliyochachushwa. Aliyewahi kuyaona mashamba ya miwa ya TPC kule Arusha Chini, kusini mwa Moshi, hatahitaji kuelezwa kwa nini polima hii ina mvuto katika ukanda huu. Niseme mapema, hata hivyo, kwamba tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, maandiko mengi ya kuomba fedha za utafiti yameahidi zaidi ya uwezo wa polima yenyewe: polilaktaidi huoza vizuri katika mboji yenye joto la karibu 60°C, lakini katika udongo wa kawaida huoza polepole sana.

Ninapendekeza kuanza na oktoeti ya bati, kampaundi itakayokuwa kichocheo chetu, kwa sababu ya usalama. Historia ya somo hili ina vichocheo vyenye sifa kubwa zaidi, kama mchanganyiko wa kloridi ya titani na trietilialumini ambao Karl Ziegler aliugundua mwaka 1953 na uliompatia yeye na Giulio Natta Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Lakini trietilialumini hushika moto yenyewe inapokutana na hewa, nayo si kemikali ya kujifunzia. Mkemia mkali atasema pia kwamba oktoeti ya bati si ya familia ya trietilialumini hasa, kwa kuwa ndani yake bati limeungana na oksijeni wala si na kaboni. Ni kweli, lakini mbinu za mikono ni zilezile, na kosa dogo litakuharibia polima tu bila kukuunguza uso.

Kabla ya kugusa chupa yoyote, fahamu kinachotokea ndani ya mmenyuko, maana hesabu zote zinatoka hapo. Oktoeti ya bati peke yake haianzishi mnyororo. Stanisław Penczek na wenzake huko Łódź, Poland, walionyesha kwamba kwanza hubadilishana na alkoholi iliyopo, ikaachia asidi na kuwa alkoksaidi ya bati, yaani bati lililoungana na oksijeni ya alkoholi. Kisha laktaidi hujishikiza kwenye bati, pete yake hufunguka, na kipande hicho huingia kati ya bati na oksijeni. Kwa kuwa ubadilishanaji huo hurudi na kwenda haraka, kila molekuli ya alkoholi hupata zamu yake na huzaa mnyororo mmoja. Kwa hiyo urefu wa mnyororo hauamuliwi na kiasi cha bati, bali na uwiano wa laktaidi kwa alkoholi. Na maji nayo, kwa mmenyuko huu, ni alkoholi.

Hesabu ya jaribio letu ni hii. Gramu 14.4 za laktaidi, ambayo uzito wake wa moli ni 144.13, ni milimoli 100. Milimoli 1 ya alkoholi ya benzili ni miligramu 108. Tukitumia viwango hivyo tunakusudia minyororo yenye wastani wa vipande 100 vya laktaidi, yaani uzito wa karibu 14,500. Bati tutatumia milimoli 0.1, sawa na miligramu 40.5 za oktoeti. Sasa linganisha na maji: milimoli 1 ya maji ni miligramu 18 tu, chini ya tone moja. Miligramu hizo 18 zikiingia kwenye chupa, idadi ya minyororo inakuwa maradufu na urefu unapungua kwa nusu, nawe hutaona dalili yoyote kwa macho. Mililita 50 za toluini iliyoshiba maji zinaweza kubeba miligramu 15 hadi 20 za maji na bado zikang'aa kama kioo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu ukaushaji, na mmenyuko wenyewe utachukua aya chache.

Kukausha

Anza na vichujio vya molekuli vya angstromu 3, yaani punje zenye vitundu vinavyonasa maji, maana vinahitaji muda. Vichujio vilivyotoka dukani, hata kama kopo lilikuwa limefungwa, vihesabu kuwa vimekwisha kunywa maji. Oveni ya kawaida ya kukaushia vyombo, ya 110°C, haitoshi kuyatoa. Vinahitaji karibu 300°C usiku mzima, ikiwezekana chini ya ombwe, kisha vipoe ndani ya agoni, gesi isiyomenyuka na kitu. Weka gramu 10 hadi 20 kwa kila mililita 100 za toluini na uziache kwa siku mbili bila kufungua chupa. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hewa ya Arusha ina unyevu kiasi kwamba chupa inayofunguliwa mara kwa mara hurudi ilikotoka. Ni heri kugawa toluini katika chupa ndogo ndogo zenye vizibo vya mpira.

Laktaidi husafishwa kwa kuifanya fuwele upya. Iyeyushe katika toluini kavu yenye joto la karibu 80°C, ukitumia kiyeyushi kidogo iwezekanavyo, ichuje ingali moto, iache ipoe taratibu, kisha chuja fuwele na kuzikausha chini ya ombwe kwenye joto la chumba. Rudia mara mbili au tatu. Utapoteza sehemu ya mali yako kila mara, na laktaidi si rahisi kwa bei, lakini hatua hii hairukwi: laktaidi iliyokaa huvunjwa na unyevu kuwa asidi zenye kundi la OH, nazo huanzisha minyororo kama maji yenyewe. Fuwele safi zihifadhiwe ndani ya agoni kwenye friza la -20°C, na chupa iachwe ifikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa, la sivyo unyevu utaganda juu yake.

Alkoholi ya benzili ikorogwe na unga wa haidridi ya kalisi usiku kucha, kisha ikenekwe chini ya ombwe. Haidridi hiyo hutoa gesi ya hidrojeni, kwa hiyo chupa isizibwe kabisa. Iachiwe njia ya kupumua kupitia agoni. Oktoeti ya bati ya dukani huwa na asidi ya ziada na maji kidogo, na bati lake huharibiwa na oksijeni ya hewa. Mwenye pampu nzuri aikeneke, na asiye nayo anunue chupa ndogo mpya na kuifungua ndani ya agoni tu.

Vyombo vya kioo vikae kwenye oveni ya 120°C au zaidi usiku mzima, viunganishwe vingali moto na vipoe chini ya ombwe.

Gesi na ombwe

Si lazima uwe na mtambo wa Schlenk, ule wa kufanyia kazi bila hewa kwa zamu za ombwe na gesi, ulionunuliwa ng'ambo. Mabomba mawili ya kioo, moja la agoni na jingine la ombwe, pamoja na koki za njia mbili na mpira mnene, yanatosha ikiwa hayavuji. Agoni inapatikana mjini, kwa sababu ndiyo wanayoitumia mafundi wanaochomelea alumini na chuma kisichoshika kutu. Hakikisha tu kwamba unapewa agoni tupu, wala si ule mchanganyiko wa agoni na kabonidayoksaidi unaotumika kwa chuma cha kawaida. Mitungi huweza kufanana kwa mbali. Pitisha gesi hiyo kwenye mnara wa vichujio vya molekuli vilivyokaushwa kabla haijafika kwenye mtambo.

Toa hewa na kuingiza agoni mara tatu. Hapa Arusha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, kanieneo ya hewa ni takriban milibari 860. Pampu ikishusha hadi milibari 10, kila zamu inagawa hewa iliyobaki kwa 86, na zamu tatu zinaiacha karibu sehemu moja kati ya 600,000. Lakini hesabu hiyo nzuri inahusu hewa, haihusu maji yaliyoshikamana na kioo. Hayo hutoka kwa joto, kwa hiyo pasha chupa tupu kwa bunduki ya hewa moto wakati ombwe linavuta.

Kuna hatari moja ambayo haisamehi. Ukilinda pampu kwa mtego unaopozwa na naitrojeni kimiminika, ambayo huchemka kwenye -196°C, usiache hewa wala agoni ikipita humo kwa muda mrefu. Oksijeni hugeuka kimiminika kwenye -183°C na agoni kwenye -186°C, hivyo zote mbili hukusanyika ndani ya mtego. Oksijeni kimiminika ikikutana na mvuke wa toluini inaweza kulipuka, na agoni kimiminika ikipata joto katika mtambo uliofungwa hupasua vioo. Umeme nao ukikatika pampu ikiwa inavuta, funga koki ya ombwe mara moja na uruhusu gesi iingie upande wa pampu, kabla mafuta yake hayajanyonywa kupanda juu.

Mmenyuko

Tengeneza kwanza miyeyusho miwili katika toluini kavu: alkoholi ya benzili gramu 1.08 katika jumla ya mililita 10, na oktoeti ya bati miligramu 405 katika jumla ya mililita 10. Kupima mililita 1 kwa sirinji kavu kuna uhakika zaidi kuliko kupima miligramu 40 za kimiminika kinachonata kwenye mizani. Weka gramu 14.4 za laktaidi katika chupa ya shingo mbili chini ya mkondo wa agoni, ongeza mililita 48 za toluini, pasha hadi iyeyuke, ongeza mililita 1 ya myeyusho wa alkoholi na, mwisho, mililita 1 ya ule wa bati. Saa ianze kuhesabiwa hapo.

Chemsha chini ya kipozeo. Vitabu vitakuambia 110°C, lakini toluini haitafika huko: Arusha huchemka karibu na 105°C na Moshi, iliyo chini zaidi, karibu na 107°C. Kuongeza moto chini ya beseni la mafuta hakutabadilisha hilo. Mmenyuko utakwenda polepole kuliko ulivyoandikwa, na unaweza kuchukua siku nzima, kwa hiyo ongozwa na sampuli badala ya saa. Kila baada ya saa chache vuta nusu mililita kwa sirinji na uipime kwa infraredi. Pete ya laktaidi ina alama yake karibu na 935 kwa sentimita, ambayo polima haina, nayo hupungua kadiri mmenyuko unavyoendelea. Mwenye mashine ya NMR, inayotambua hidrojeni kwa usumaku, atalinganisha alama ya hidrojeni ya laktaidi iliyo karibu na ppm 5.0 na ile ya polima iliyo karibu na ppm 5.2.

Usisubiri laktaidi iishe. Ufunguaji wa pete hii hufikia usawa, na kwa joto hili hubaki karibu moli 0.1 kwa lita. Kwa kuwa tulianza na karibu moli 2 kwa lita, takriban 5% haitageuka kamwe. Anayeendelea kuchemsha akitafuta 100% huipa bati nafasi ya kukata na kuunga minyororo ovyo, na urefu ambao ulikuwa umekaribiana huanza kutofautiana.

Alama ikiacha kupungua, zima moto, ongeza matone machache ya asidi asetiki, yeyusha kila kitu katika klorofomu na ukimimine taratibu ndani ya methanoli baridi yenye ujazo mara kumi. Polima itajitenga kama nyuzi nyeupe au unga. Ichuje na uikaushe chini ya ombwe kwenye 40°C mpaka uzito usibadilike tena.

Kupima, na jaribio lisilo na alkoholi

Kipima mnato cha Ubbelohde, katika beseni la maji la 25°C, kinatosha. Kwa L-polilaktaidi ndani ya klorofomu hutumika mlinganyo ambao mnato asilia, kwa desilita kwa gramu, ni 0.000545 mara uzito wa molekuli uliopandishwa kwa kipeo cha 0.73. Mmenyuko uliofikia 95% unapaswa kutoa uzito wa karibu 13,800 na mnato wa karibu 0.57. Ukipata 0.35, idadi ya minyororo yako ni maradufu ya uliyokusudia, maana yake milimoli moja ya maji au asidi iliingia mahali fulani.

Ili kujua ni mahali gani, rudia kila kitu bila kuweka alkoholi ya benzili. Mimi ningefanya jaribio hili kwanza, kabla ya lile lenye alkoholi, na ningelirudia kila ninapofungua chupa mpya ya laktaidi au toluini. Litakwenda polepole, kwa sababu vianzishi ni vichache, lakini kila mnyororo utakaopatikana utakuwa umezaliwa na uchafu. Gramu 13.7 za polima zikionyesha mnato wa karibu 3.1, uzito ni takriban 137,000, na hivyo uchafu wote ni milimoli 0.1, kiasi kinachovumilika. Kichukulie kiwango hicho cha uchafu kuwa cha chini kabisa, kwa kuwa mnato huipa minyororo mirefu uzito zaidi ya idadi yake. Ukipata uchafu mwingi zaidi, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ukianzia na toluini, kisha laktaidi, kisha bati.

Mabaki ya klorofomu yawekwe kwenye chombo chake, mbali na toluini na methanoli, na yale yenye bati yaandikwe hivyo. Hakuna kinachomwagwa kwenye sinki ambalo maji yake huenda yakaishia mto Themi. Vibali vya kuagiza kemikali hizi hutolewa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003, na maombi yapelekwe mapema, kabla hata ya kuanza kutafuta agoni.