Jinsi ya kumnasa kwa simu yule nondo anayeng'aa mchana

Kama unaishi pwani ya Kenya au Tanzania, Unguja pia, na umewahi kuona mdudu mweusi mwenye kijani cha kung'aa akikatiza mchana kweupe ukasema aa kipepeo huyo, basi huenda ni nondo. Anaitwa Chrysiridia croesus, na ana ndugu yake Madagaska, Chrysiridia rhipheus, ambaye Dru Drury, Mwingereza mkusanyaji wa wadudu, alipomwandika mwaka 1773 na yeye alimweka kwenye vipepeo, si ajabu maana anaruka mchana na mabawa ya nyuma yana mikia kabisa.

Kumhakikisha zoom vipapasio. Vya kipepeo vina kirungu nchani, vyake vinachongoka tu mpaka mwisho.

Sasa picha. Hapa wengi wanakosea, wanawasha flash halafu wanalalamika mbona ametoka mweusi! Sikiliza, ile kijani na dhahabu na wekundu si rangi ya kupaka, bawa limefunikwa magamba madogo madogo yaliyojipinda na ndani yana matabaka membamba sana, mwanga ukigonga pale ndo rangi inazaliwa, kwa hiyo ukisogea kidogo tu kijani kinageuka dhahabu. Zima flash, jua liwe ubavuni kwako, alafu zunguka taratibu huku unapiga picha mfululizo, usichague moja pale pale, chagua ukifika home. Mvizie kwenye maua, hasa meupe meupe, anapofyonza nekta anatulia kidogo.

Na tafadhali usimshike. Ule unga unaobaki kwenye vidole ndo magamba yenyewe, hayaoti tena, yaani umemfuta rangi akiwa hai na inauma sana kuona hivyo. Mikia nayo inakatika kirahisi, ukikuta aliyechakaa mpige hivyo hivyo, ni mzuri tu.

Ukitaka kumpata tena na tena usihangaike na yeye, tafuta mmea wa viwavi wake. Wanakula mimea ya ukoo wa mnyonyo, yenye sumu, na yule wa Madagaska anaibeba sumu hiyo mwilini hadi ukubwani ndo maana anajionyesha mchana bila woga, rangi zile ni onyo kwa ndege. Msitu wa pwani ukifyekwa mmea unaondoka na yeye anaondoka, kwa hiyo ukipost picha weka jina la msitu na tarehe, wanaofuatilia wadudu wanahitaji sana hizo taarifa.