Kabla ya Kupima Homoni ya Kiume: Mambo ya Kuzingatia Ukishavuka Hamsini

Mwaka juzi nilipimwa homoni ya kiume saa 8 mchana, tumbo likiwa limejaa chipsi mayai. Nilikuwa Kariakoo kwa shughuli zangu, nikaona bango la maabara, nikaingia. Jioni karatasi ikatoka ikiwa na namba moja iliyowekewa mshale wa kushuka, na kijana aliyenikabidhi akanieleza kwamba sindano zipo, naweza kuanza hata keshokutwa. Nilikuwa na miaka 56, na kweli nilikuwa nachoka. Nikikaa kusikiliza taarifa ya habari ya saa 2 usiku, nilikuwa nalala hata kabla hawajafika kwenye michezo. Mambo mengine ya chumbani sitayaeleza kwa urefu. Watu wa mjini husema jogoo hapandi mtungi, nami nitaishia hapo.

Kilichoniokoa ni uoga wa sindano. Nikaenda kwanza kwa daktari mwingine, binti wa umri wa mwanangu wa pili. Akaniamkia, akaisoma karatasi, kisha akauliza:

"Baba, damu hii ilichukuliwa saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Ulikuwa umekula?"

Nikamwambia, chipsi mayai. Na soda? Na soda. Akaigeuza ile karatasi kifudifudi mezani, akasema tunaanza upya.

Kwa hiyo ninayoandika hapa ni mambo ya kabla: kabla ya kutoa damu, kabla ya kununua chochote, kabla ya kuchomwa.

Saa ndiyo inayoharibu vipimo vya watu wengi. Testosteroni, ndiyo hiyo homoni ya kiume, hutengenezwa kwenye korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na amri hiyo ina ratiba yake. Kiwango hupanda usiku ukiwa umelala, hufika juu kabisa alfajiri na asubuhi, kisha huteremka kadiri siku inavyosogea. Chakula nacho, hasa cha sukari, hukishusha kwa muda. Ndiyo maana damu inatakiwa ichukuliwe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla hujala kitu. Ukiyasikia haya unaona ni jambo jepesi, mpaka uwe unakaa Chanika au Bunju na maabara iko Upanga. Mimi nilitoka nyumbani saa 11 alfajiri, na bado nilipofika dirishani ilikuwa imekaribia saa 3, kwa sababu foleni ya barabarani ikiisha inaanza ya kufungua faili, halafu ya malipo, ndipo ya kutoa damu. Nenda siku moja kabla ukamalize faili na malipo kama wanaruhusu. Uliza pia wanaanza kuchukua damu saa ngapi, maana kuna sehemu milango hufunguliwa saa 1 lakini mwenye sindano anaingia saa 3. Maji ya kunywa hayakatazwi. Chai ya maziwa na vitumbua subiri umalize.

Kipimo kimoja hakitoshi. Namba hii hupanda na kushuka siku hadi siku, na si wachache wanaoonekana wako chini mara ya kwanza kisha wakarudi siku nyingine wakakutwa sawa. Mtu asikuanzishie dawa kwa karatasi moja. Wala usipime ukiwa unaumwa au ndiyo kwanza umepona. Malaria, homa ya dengi, nimonia, upasuaji, vyote huishusha homoni kwa wiki kadhaa hata kwa mwanaume mzima kabisa. Na kama umetoka kukesha msibani Tanga ukapanda basi la usiku kurudi Dar, lala siku mbili tatu kwanza. Kuna utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2011: vijana wenye afya waliachwa walale kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hao ni vijana. Sasa fikiria mzee wa Mbagala anayelala saa 6 usiku na kuamka saa 10 alfajiri kuikimbia foleni, miaka ishirini mfululizo.

Namba yenyewe isome na kipimio chake. Maabara moja huandika kwa nanogramu kwa desilita, nyingine kwa nanomoli kwa lita, na nanomoli moja ni karibu sawa na nanogramu 29. Ninamjua mtu alipata 14 akapata presha siku hiyohiyo, kwa kuwa rafiki yake alikuwa na 400. Kumbe walikuwa sawasawa, kila mmoja na kipimio chake. Madaktari wengi wa Marekani huanza kusema "iko chini" ikiwa chini ya nanogramu 300, yaani nanomoli 10 na kidogo. Pale karibu na mpaka huombwa kipimo cha pili, cha protini inayoibeba homoni hii kwenye damu, maana iliyofungwa kwa nguvu kwenye protini hiyo haifanyi kazi. Unene huishusha protini hiyo na uzee huipandisha, kwa hiyo namba ya jumla inaweza kukudanganya upande wowote.

Swali linalopaswa kutangulia damu ni hili: unachoka namna gani? Kuanzia miaka ya thelathini au arobaini testosteroni hupungua pole pole, karibu asilimia 1 kwa mwaka, na wanaume wengi huzeeka wakiwa bado ndani ya kiwango. Uchovu wenyewe una wazazi wengi. Sukari, upungufu wa damu, figo, tezi ya shingo iliyolegea, virusi vya UKIMWI, maumivu ya muda mrefu, pombe ya kila jioni, yote yanaweza kukukalisha kwenye kochi kabla homoni haijahusika. Utafiti mkubwa wa wanaume wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba dalili zinazokwenda pamoja na upungufu wa kweli ni tatu za kitandani: kutosimama asubuhi unapoamka, hamu kupungua, na uume kushindwa kusimama vizuri. Ukichoka bila hizo tatu, homoni haiwezi kuwa mshukiwa wa kwanza. Daktari atakuuliza waziwazi, kwa hiyo jibu lako liwe tayari. Ni bora uaibike nyumbani kwako mbele ya kioo kuliko kudanganya pale na kuondoka na dawa isiyo yako.

Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, nayo isisahaulike. Kwa mtumishi wa serikali, miaka 55 ni ya kustaafu kwa hiari na 60 ni ya lazima. Kati ya hapo mwanaume hupoteza ofisi, salamu za asubuhi na sababu ya kupiga pasi shati. Akinyamaza, ndugu wanasema kazeeka. Mtu wa namna hiyo anaweza kuchomwa sindano za homoni mwaka mzima, na bado asubuhi asione sababu ya kutoka kitandani.

Mchukue mkeo, au umuulize kabla hujaenda. Kukoroma kwako wewe hukusikii. Mama Neema aliniambia nakoroma, nakata pumzi, nashtuka kama mtu aliyezama, kisha naanza tena, na kwamba ameshazoea. Miaka saba alikuwa amezoea! Hiyo ni hali ya njia ya hewa kuziba usingizini. Inakula usingizi, inapandisha presha, mchana unasinzia hata kwenye mwendokasi ukiwa umesimama, na testosteroni hushuka pamoja nayo. Sindano za homoni zinaweza kuizidisha hali hiyo. Kwa hiyo hili lisemwe mwanzoni kabisa, lisingoje kuulizwa.

Kitambi nacho kipimwe kwa futi ya fundi cherehani, juu ya kitovu. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni inayojulikana zaidi kama ya kike, na mwanaume mwenye sukari ya ukubwani na kitambi ndiye anayekutwa chini mara nyingi zaidi. Habari njema ni kwamba hapa gari linarudi nyuma: uzito ukishuka, homoni hupanda bila sindano.

Siku ya kuonana na daktari beba dawa zako zote kwenye mfuko, na maboksi yake. Prednisoloni na deksamethasoni, zikiwemo zile zinazouzwa kama vidonge vya kunenepesha, hushusha testosteroni zikitumiwa kwa muda. Tramadoli na mofini, dawa kali za maumivu, vilevile. Baadhi ya dawa za presha huigusa nguvu ya kusimama moja kwa moja. Usiziache mwenyewe, daktari anaweza kukubadilishia. Kama unakunywa vitamini za nywele na kucha zenye biotini nyingi, sema, kwa kuwa zinaweza kuvuruga majibu ya mashine.

Halafu kuna yale yasiyo na boksi. Vumbi la Kongo, mkongoraa, mizizi kwenye chupa ya maji, asali iliyochanganywa na "kitu". Sina ugomvi na mtu anayetafuna karanga mbichi na nazi, na supu ya pweza nainywa mpaka leo kwa sababu ni tamu. Pweza ni protini nzuri, ila homoni haongezi. Shida ni unga usio na jina. Katika nchi nyingi dawa zinazoitwa za asili zimekutwa zimetiwa kwa siri sildenafili, dawa ya hospitali ya kusaidia uume kusimama, na sildenafili ikikutana na vidonge vya nitreti vya maumivu ya moyo, presha inaweza kuanguka hadi kifo. Mtindo wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1889 huko Paris, mwanasayansi Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Morisi, akiwa na miaka 72, alijichoma maji ya korodani za mbwa na simbilisi akatangaza kwamba nguvu zimerudi. Dawa yake ikavuma, wakati ndani ya maji yale homoni ilikuwa karibu hakuna. Aliamini, basi akajisikia vizuri. Wauza unga wetu wanakula kwa imani hiyohiyo.

Na kama kusimama ndiko kumeanza kufifia, omba moyo uangaliwe. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huziba mapema, na kwa wengine dalili ya chumbani hutangulia ile ya kifua kwa miaka michache. Presha, sukari na mafuta ya damu vipimwe siku hiyohiyo ya homoni, maana mkono umeshatobolewa tayari.

Tuseme sasa umepima mara mbili, asubuhi, bila kula, ukiwa mzima, na namba iko chini na dalili zipo. Bado kuna ya kuuliza kabla ya sindano ya kwanza. Daktari ajue kwanza kosa liko wapi: kwenye korodani zenyewe au kwenye tezi ya ubongo inayotoa amri. Kipimo cha damu cha homoni za amri hueleza hilo, na wakati mwingine hugundulika uvimbe mdogo kwenye tezi hiyo ambao una tiba yake.

Kama bado unatafuta mtoto, simama hapo. Testosteroni ya kuchomwa huiambia tezi ya ubongo kwamba mzigo umefika, nayo hunyamaza. Korodani husinyaa na mbegu huweza kuisha kabisa. Wanaume wengi hapa mjini huoa au kuoa tena wakiwa na hamsini na kitu, na sijasikia bango hata moja linalowaonya.

Tezi dume ichunguzwe kabla. Wanaume weusi wako katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi hiyo, na mwenye saratani hiyo hapewi homoni hivi hivi. Kuna kipimo cha damu, na kuna cha kidole ambacho vijiweni kinachekwa kupita kiasi. Kinachukua muda mfupi kuliko kusubiri chenji ya konda. Siku mbili kabla ya kile cha damu usikutane kimwili na mkeo wala usiendeshe baiskeli, vinaweza kupandisha namba.

Wingi wa seli nyekundu nao upimwe kabla na baada. Homoni hii huongeza damu, ikawa nzito. Seli hizo zikifika asilimia 54 ya damu yote, dawa husimamishwa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2023 uliofuatilia wanaume zaidi ya 5,000 wenye upungufu na hatari ya moyo haukuona ongezeko la mshtuko wa moyo wala kiharusi kwa waliotumia jeli, lakini uliona zaidi mapigo ya moyo kwenda kombo, damu kuganda kwenye mapafu na figo kuumia. Kwa jeli kuna jambo la nyumbani pia: hupakwa begani, na mjukuu akilala begani hapo anaipata. Nawa, vaa shati.

Fedha ulizia mapema. Bima yako huenda inalipia kumwona daktari na isilipie homoni, na matibabu yenyewe huwa ya miaka. Anzia hospitali ya karibu, Amana, Temeke au Mwananyamala, ili ukihitaji Muhimbili uende na rufaa mkononi.

Mimi asubuhi zangu mbili zilitoa nanogramu 340 na 372. Sukari ya kufunga ndiyo iliyokuwa juu. Nikaanzishiwa dawa ya sukari, nikaandikiwa kipimo cha usingizi, nikaambiwa nirudi baada ya miezi mitatu nikiwa nimepunguza kilo. Nilirudi nimepunguza sita. Binti akaniuliza kama nalala sasa. Nikamwambia amuulize Mama Neema, alikuwa amekaa nje kwenye benchi.